Zamu ya Majani

Mwaka ule zamu iliiangukia nyumba yetu.
Huku Khumbu mlinzi wa malisho huitwa nawa.
Hana mshahara wala kofia,
ana mdomo, na miguu ya kupandia.
Siku viazi vilipochungulia udongoni
nilisimama juu ya jiwe la chemchemi nikatangaza:
bonde limefungwa.
Yaki wote juu, chotara wote juu,
na mundu usiguse jani mpaka niseme.
Sauti ilinikwama. Nikarudia.

Majani yana saa yake.
Ukiyakata mapema ni maji matupu:
mkono hujaa, dari halijai.
Ukichelewa, mbegu zimekwisha kudondoka,
shina limegeuka ukuni,
yaki hulitafuna kwa heshima tu.
Kati ya mapema na kuchelewa kuna siku kama tisa,
na katika hizo tisa mvua inazidai saba.

Wiki ya tatu niliamshwa na kengele.
Naijua, shaba iliyopasuka, ina kikohozi.
Seru, yaki jike wa mama yangu,
miaka kumi na saba, pembe moja,
ameuruka ukuta wa mawe wa Gyaltsen,
amesimama katikati ya majani ya watu,
yanamfika tumboni,
anakula polepole kama mtu aliyealikwa.

Hakukuwa na shahidi ila ukungu.
Ningemtoa. Ningerudisha mawe matatu mahali pake.
Na kinyesi, hicho ningekibeba kwenye shali.
Nilikaa ukutani nikiwaza hayo
muda wa vikombe viwili vya chai.

Wa mabondeni husema sheria ni msumeno.
Huku juu hatuna miti ya kuujua msumeno.
Sheria yetu ni mundu:
ukiusukuma haukati.
Hukata ukiuvuta kwako.

Nikashuka, nikagonga kwa mama.
"Faini," nikasema.
"Ya nani?"
Nikanyamaza, naye akaelewa.
Akazihesabu rupia zenye harufu ya siagi,
akaleta na mtungi wa pombe, kama desturi,
bila kunitazama usoni.
Jioni kijiji kizima kiliinywa.
Gyaltsen akainua kikombe kwa afya ya Seru,
watu wakacheka,
mama akacheka mwisho wa wote.

Mwezi wa tisa nikafungua.
Miundu ishirini na miwili ikashuka siku moja.
Tulikata tukichuchumaa,
tukayasokota majani mabichi kuwa kamba
nene kama mkono wa mtoto,
tukazianika juu ya kuta.
Saa saba mchana, kila siku, mawingu hayo.
Funika. Funua. Geuza. Funika.
Tsamji, binti wa Gyaltsen, alikuwa na homa,
naye akikimbia.
Robo ilioza.
Robo huoza kila mwaka, mama husema,
ila mwaka huu robo hiyo ilikuwa yetu.

Sasa ni mwezi wa pili, theluji kiunoni.
Darini zimebaki kamba mia na arobaini,
wanyama kumi na mmoja,
siku hamsini mpaka kijani.
Hesabu haiingii.
Nimeifanya kwa vidole, kwa punje za mahindi,
kwa kalamu ya mwanangu. Haiingii.
Madume yanajua kukwangua theluji, yajitafutie.
Ndama kwanza, kisha wenye mimba.
Seru hana mimba, hana maziwa,
meno yake ni ya kukumbukia.
Kwa hesabu yangu hayumo.

Usiku wa jana nikasikia ngazi inalia.
Mama anashuka, pumzi mkononi,
koti limemvimba ubavuni
kwa kitu chenye harufu ya mwezi wa tisa.
Nje kengele ikakohoa mara moja,
ikanyamaza kama mdomo uliojaa.

Nikageukia ukutani.
Zamu yangu ilikwisha tangu mwezi wa kumi.